KUOKA MKATE NI MASOMO VILEVILE



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo tumeulizwa mara nyingi maulizo matatu juu ya lile tanuru lililo nyuma ya jiko la bweni. La kwanza: juu ya nini watoto wa sekondari wanafundishwa kuoka mkate, badala ya kurudilia masomo yao? La pili: ule mkate wa siku ya posho unakwenda wapi? La tatu watu wanauliza kwa sauti ndogo: juu ya nini moto ulizimika majuma matatu katika muhula wa pili?

Sisi viongozi wa wanafunzi tumeona heri kujibu yote matatu hapa, kwa maandishi, bila kuficha. Tunaandika sasa kwa sababu sisi wa darasa la sita tunaondoka. Nyuma ya Mtihani wa Serikali hatutakuwa hapa tena. Orodha ya wale watakaoshika kazi ya tanuru imebandikwa mlangoni mwa ofisi tangu juma lililopita, na mpaka leo hakuna jina hata moja juu yake.

1. MKATE KATIKA MJI WETU

Kwanza tupatane juu ya neno. Hapa Kisangani, ukisema "mikate", mtu wa Lingala anafikiri vile vidonge vya unga vinavyokaangwa katika mafuta, ambavyo wamama wanauzisha asubuhi kando ya njia. Mkate wa tanuru yeye anauita mampa. Katika maandishi haya, tukisema mkate tunataka kusema mampa.

Chakula cha kwetu hasa si mkate. Ni muhogo, ni wali, ni lituma ya makemba, pamoja na sombe na samaki. Ngano haifai kwa pori letu. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, joto ni jingi na mvua ni nyingi, na ngano inapenda baridi. Ndani ya inchi yetu inalimwa kidogo tu, kule milimani, kama upande wa Lubero katika Kivu ya Kaskazini. Ngano nyingi ambayo Kongo inakula inatoka ng'ambo ya bahari.

Basi unga unafika kwetu kwa njia mbili. Mmoja unapanda mto kutoka Kinshasa, safari ya kilomita karibu 1,700. Mwingine unakuja kwa barabara kutoka mashariki, upande wa Uganda, kupitia Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende. Maji ya mto yakipunguka, au daraja likivunjika, au watu wenye silaha wakifunga barabara, bei ya unga inapanda hapa sokoni. Wazazi wetu wanakumbuka vita ya 1998 mpaka 2003, wakati mto ulipokatwa na mashua kubwa za Kinshasa hazikufika. Na sisi wenyewe tunakumbuka mwaka 2022: Urusi ilipoingia vitani katika Ukraina, inchi mbili zinazouzisha ngano nyingi sana duniani, bei ya ngano iliruka pote. Watu waliokuwa hawajasikia jina la Ukraina walililipa kwa mkate wao wa asubuhi.

Kwa hiyo mtu anayeoka mkate Kisangani anajifunza jiografia bila kufungua kitabu. Hilo ni jibu la kwanza kwa wale wanaosema tanuru linatuondoa katika masomo.

2. JUU YA NINI KIJANA AFUNDISHWE KAZI HII

Wako wazazi waliokuja kumwona Bwana Prefe na kusema: "Tulimutuma mutoto ku masomo juu ya kusoma, hapana kupika mampa." Neno lao tunaliheshimu. Karo inalipwa kwa jasho. Lakini tuangalie mifano ya kwetu hapa.

Nendeni kwenye maporomoko ya Wagenya. Mtoto wa mvuvi hafundishwi kazi kwa ubao na chaki. Anapanda juu ya miti iliyosimamishwa katika maji yenye nguvu, pamoja na baba na wajomba, anashika kamba ya kile kikapu kikubwa, anajifunza kwa mikono na kwa hofu. Hakuna anayesema kwamba mtoto yule hana akili. Akikosea, kikapu kinakwenda na maji.

Tazameni Yakusu, karibu kilomita 20 chini ya mto. Wabatisti walianza kazi pale miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1920 alifika daktari Clement Chesterman, akakuta ugonjwa wa usingizi unamaliza vijiji. Hakungoja waganga kutoka Ulaya. Alifundisha vijana wa hapa kazi ya uuguzi, kutazama damu katika darubini, kupiga sindano na kuandika hesabu ya dawa, halafu wakatumwa kwenye zahanati za vijijini. Vijana wale walipata kazi ya maisha, na palepale jamaa zao walipata huduma. Mambo mawili yalikuwa kitu kimoja.

Tena kumbukeni toleka. Wakati wa taabu, magari yalipokosa mafuta na vipuri, vijana wa mji huu walichukua baiskeli, wakaweka kiti nyuma, wakaanza kubeba watu na mizigo. Leo pikipiki zimechukua nafasi yao kwa sehemu kubwa, lakini familia nyingi zilikula kwa sababu ya pedali zile. Mji wetu ulisimama kwa sababu ya watu wanaojua kufanya kitu.

Wengine, wavulana hasa, wanatucheka: "Ile kazi ni ya bamama." Tunawaomba waende usiku mahali mkate wa kuuzisha unapookwa. Watakuta wanaume wanakanda unga jasho likitoka, na asubuhi watakuta wamama wanaondoka na beseni juu ya kichwa. Kazi ni ya yule anayeifanya.

Na mfano mkubwa kuliko yote unatoka katika ile iliyokuwa zamani Province Orientale yetu, mbele haijagawanywa katika provinsi nne mwaka 2015. Kule Dungu, ambayo leo iko Haut-Uélé, kuko mtawa wa Kanisa Katoliki, Sista Angélique Namaika. Tangu Krismasi ya mwaka 2008 askari wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliua watu wengi sana katika upande ule, wakachoma vijiji, wakateka watoto na wasichana. Wale waliotoroka walifika Dungu na nguo za mwilini tu. Sista yule alizunguka kwa baiskeli katika njia za mchanga, akatafuta wanawake na wasichana, akawafundisha kusoma na kuandika, kushona nguo, kulima, na kuoka mikate ya kuuzisha. Mwaka 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilimpa zawadi ya Nansen kule Geneva, na lilisema kwamba amesaidia wanawake na wasichana zaidi ya 2,000.

Sisi ni Waprotestanti, lakini kazi nzuri haiulizi mtu anasali wapi. Angalieni kitu kimoja: hakuwagawia wale wasichana mkate na kuishia pale. Mtu aliyepewa mkate kila siku anabaki kungoja mlangoni. Mtu aliyefundishwa kuoka anaamka mbele ya jua, ana saa ya kazi, ana wanunuzi wanaomwita kwa jina, ana feza kidogo ya kumpeleka mtoto masomo. Kwa msichana aliyekaa porini kama mtumwa, kuitwa kwa jina lake sokoni ni dawa.

3. NAMNA MKATE UNAVYOFANYIKA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Hiki ndicho kipimo chetu cha siku moja:

Unga wa ngano kilo 10. Maji litri 6. Chumvi gramu 200. Sukari gramu 300. Mafuta gramu 300. Levire kavu gramu 100, na siku za joto kali tunapunguza mpaka 70.

Levire, ambayo wengine wanaita hamira, si dawa kama magadi. Ni kitu chenye uzima, wadudu wadogo wa namna ya uyoga ambao jicho haliwezi kuwaona. Ukiwapa maji ya uvuguvugu na sukari wanaamka na kula. Wakila wanatoa gesi, ile gesi kaboniki ambayo mwalimu wa kemia anatufundisha. Maji ya moto yanawaua. Mwaka wa kwanza tulimwaga maji kutoka sufuria ya chai moja kwa moja juu ya levire, tukapata mkate mgumu kama tofali. Tangu siku ile tunatia kidole kwanza. Kidole kisipovumilia, levire pia haitavumilia.

Gesi peke yake haitoshi. Katika unga wa ngano muko kitu kinachoitwa gluteni. Ukikanda unga na maji kwa dakika 15 au 20 bila kuchoka, gluteni inajivuta na kufanya kama wavu. Gesi inanaswa ndani ya wavu, kama samaki katika kikapu cha Wagenya, na unga unaumuka. Mkandaji mvivu anapasua wavu mbele haujashikamana. Tunajua mkando umetosha tukivuta kipande kidogo kati ya vidole, nacho kinakuwa chembamba mpaka mwanga unapita, bila kupasuka.

Hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinatudanganya kidogo. Vinasema ngoja saa mbili unga uumuke. Kwetu, katika joto la Kisangani, saa moja inatosha, na mara nyingine hata haifiki. Ukingoja kama kitabu kinavyosema, unga unapita kipimo, unaanguka, na mkate unatoka na harufu ya pombe. Kwa hiyo hatutazami saa. Tunachoma unga kwa kidole: tundu likirudi polepole, tayari, likirudi mbio, bado, likibaki vile, umechelewa.

Wengi wanauliza: muhogo uko mwingi, juu ya nini msioke mkate wa muhogo? Ulizo ni zuri. Unga wa muhogo hauna gluteni, hauna wavu wa kushika gesi. Lakini unaweza kuchanganywa. Inchi ya Nijeria, katika miaka ya 2000, iliagiza wenye vinu kutia unga wa muhogo asilimia 10 katika unga wa mkate, ili kupunguza ngano ya kununua inje. Sisi tulijaribu hapa. Kilo 1 ya muhogo na kilo 9 za ngano: mkate ulitoka mzuri, hata walimu hawakutambua. Kilo 3 na kilo 7: ulitoka bapa na mzito. Tukabaki na moja katika kumi. Lakini sharti muhogo uwe umeloweshwa siku tatu au nne na kukaushwa vizuri juani, kwa sababu muhogo mchungu una sumu ndani yake. Mama zetu wanajua jambo hili tangu zamani. Na anayetaka kuendelea na masomo ya muhogo asifikiri lazima aende mbali: Yangambi, chini ya mto kama kilomita 100, kuko kituo cha utafiti wa mimea kilichoanzishwa mwaka 1933, na muhogo ni moja ya kazi zake.

4. TANURU

Tanuru letu ni la matofali ya kuchoma na udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Udongo wa kichuguu unashikamana na haupasuki upesi. Umbo lake ni kama nusu ya chungwa iliyolala, mlango mmoja mbele. Hakuna moto chini yake. Moto unawashwa ndani yenyewe, saa mbili nzima, mpaka matofali yanakunywa joto. Halafu tunatoa makala yote, tunafagia kwa ufagio wenye maji, tunafunga mlango kidogo ili joto lienee sawasawa.

Kipima joto hatuna. Tunarusha unga kidogo sakafuni mwa tanuru. Ukiwa mweusi palepale, joto limezidi, tunangoja. Ukibaki mweupe, tumechelewa, lazima kurudisha moto. Ukigeuka rangi ya kahawia polepole, tunaingiza mkate. Nyuma ya dakika 25 au 30 tunatoa mmoja na kuugonga chini kwa kidole. Mkate ulioiva unalia kama ngoma. Mbichi unanyamaza.

Makala yaliyotolewa hatuyatupi. Yanapikia maharagi ya bweni. Haya nayo ni masomo: kuni zinatoka porini, na pori haliko karibu tena kama zamani za babu zetu.

5. HESABU YA VIKAPU SITA

Kutoka kilo 10 za unga tunapata mikate 66. Tunaipanga katika vikapu sita, mikate 11 kila kikapu. Hapa ndipo iko siri ya kazi nzima, tunaomba msome polepole.

Vikapu vinne ni vya mtaji. Feza yake inarudi kununua unga, levire, sukari, mafuta, chumvi na kuni za juma linalokuja. Mikate ile haina mwenyewe, hata Bwana Prefe akitaka mmoja anaulipa.

Kikapu cha tano ni cha akiba. Feza yake inawekwa kwa siku bei itakapopanda, au bati likitoboka, au ukuta wa tanuru ukipasuka.

Kikapu cha sita ni cha huduma. Huo hauuzishwi. Siku ya posho vijana wanne wanaupeleka hospitalini, kwenye chumba cha watoto. Ninyi nyote mnajua hospitali zetu: mgonjwa analishwa na jamaa yake. Mama akitoka kijijini na mtoto mgonjwa, akikaa majuma mawili, feza inakwisha kwa dawa, na yeye anayemlinda mtoto analala bila kula. Kwa mama yule mkate mmoja na chai si kitu kidogo.

Mtu anaweza kusema: kikapu kimoja katika sita, huruma gani hiyo? Sisi pia tulisema hivyo. Ndiyo maana tulianguka.

6. MAJUMA MATATU BILA MOTO

Katika muhula wa kwanza hatukuwa na vikapu sita. Tulikuwa na moyo mzuri tu. Siku moja tulipeleka hospitalini mikate 20, siku nyingine 30. Watu walitushukuru, tukafurahi, tukaimba njiani. Tena bwenini mtu akija na kusema, "Yaya, unipe mumoja, nitalipa siku ya kwanza," tulimpa. Siku ya kwanza ilifika, feza haikufika. Mtunza hesabu aliandika madeni yote katika kaye, lakini hakuna aliyeifungua kaye ile.

Muhula wa pili ulipoanza, bei ya gunia ilikuwa imepanda. Tulifungua sanduku, tukahesabu mara mbili. Feza haikufika hata nusu ya gunia. Moto ukazimika.

Siku ya posho ya kwanza tulikwenda hospitalini mikono mitupu, tukidhani ni heri kueleza kuliko kukosa kufika. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, alikuwa amekwisha kuchemsha maji ya chai kwa wote wa chumba, akitungoja. Alitazama kikapu kitupu, halafu akasema tu, "Haizuru, bana bangu. Mungu iko." Akamimina maji yale ya moto katika vikombe bila kitu. Tulirudi nyumbani hakuna aliyesema neno.

Jioni ile tulikutana na mama mwalimu anayetufundisha kazi hii. Hakutugombeza. Alisema: "Lete kaye." Akamwambia mtunza hesabu asome majina ya wenye madeni kwa sauti kubwa. Tulidhani tutasikia majina ya wadogo wa darasa la kwanza na la pili. Wadogo walikuwemo, lakini wengi wao walikuwa na mkate mmoja au miwili. Mikate 41 ilikuwa juu ya majina yetu sisi viongozi. Kila asubuhi ya kazi tulikula tukisema moyoni, "Sisi ndio tunaochoka, ni haki yetu." Mwingine hata alipeleka kwa rafiki. Hakuna aliyeiba, wapenzi wasomaji. Lakini feza ilikuwa imekwisha vilevile kama imeibwa.

Mama mwalimu aliuliza ulizo moja: "Ule mama wa Lubunga, mulikula mampa yake mara ngapi?"

Tulilipa. Ilichukua majuma matatu, wengine walifua nguo za watu, wengine walibeba mchanga siku ya posho. Ndipo tulipoweka sheria ya vikapu sita, na sheria ya pili: hakuna deni, kwa mkubwa wala kwa mdogo. Anayefanya kazi asubuhi anapata mkate mmoja, unaandikwa katika kaye kama gharama ya kazi, kama vile kuni. Zaidi ya hapo analipa.

Sheria ya tatu ilitushinda kidogo. Unga ulipopanda, wengine walisema tufanye kama inavyofanyika mahali pengine: bei ibaki ileile, lakini mkate upunguzwe uzito, watu hawatajua. Tulibishana usiku mzima. Mwisho tulipanda bei waziwazi, tukaandika kwenye ubao wa bweni: uzito wa donge ni gramu 250 kama zamani, bei ya gunia ilikuwa hivi, leo ni hivi. Wateja walinung'unika siku mbili. Siku ya tatu walinunua. Mtu anakubali kulipa zaidi akijua sababu, kudanganywa hakubali.

Basi hilo ndilo tunataka mshike kuliko kipimo cha chumvi: huduma inatoka katika faida, haitoki katika mtaji. Anayegawa mtaji anaonekana mwema kwa juma moja, halafu anawaacha watu na vikombe vya maji. Na kiongozi anayekula bila kuandika anakula kikapu cha sita, hata kama kikapu cha sita kiko mbali na macho yake.

7. TUNACHOOMBA

Katika Yohane sura ya 6 tunasoma habari ya kijana aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri. Wahubiri wanasema juu ya kijana, na juu ya umati ulioshiba. Sisi tangu tuanze kazi hii tunafikiri pia juu ya mtu aliyeamka usiku kusaga shayiri ile na kuoka mikate ile mitano. Jina lake halikuandikwa. Lakini bila yeye kijana angefika na mkoba mtupu.

Tunahitaji vijana kumi na wawili kwa mwaka ujao, sita wasichana, sita wavulana, kutoka darasa la tatu na la nne, ili wakae na kazi zaidi ya mwaka mmoja. Anayekuja ajue haya: kazi inaanza saa kumi na moja ya asubuhi, siku ya posho. Mikono inaoshwa kwa sabuni mpaka kiwiko, kucha fupi. Mwenye kuhara au kidonda cha mkono hakandi, anaandika kaye. Mtunza hesabu anabadilishwa kila muhula, na kaye inasomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, majina ya wakubwa kwanza.

Kwa waalimu wetu tunaomba jambo moja: mwalimu wa hesabu na mwalimu wa kemia watoe somo moja kwa muhula kando ya tanuru. Asilimia, uzito, faida na hasara, gesi na joto, yote yako pale, na yananukia vizuri kuliko chaki.

Kwa wazazi tunasema: hatujui watoto wenu watakuwa nani. Mwingine atakwenda Chuo Kikuu hapa Kisangani, ambacho Waprotestanti walikianzisha mwaka 1963. Mwingine atakosa feza ya kuendelea, na hilo si haya. Yule wa kwanza atajua hesabu ya kweli ni nini. Yule wa pili atakuwa na kazi mikononi, na matofali, udongo wa kichuguu na kilo 10 za unga vinatosha kuanza.

Juma hili sisi wa darasa la sita tutawasha moto kwa mara ya tano kabla ya mwisho. Tutaacha gunia moja zima katika depo, limelipwa. Tutaacha kaye, haina deni hata moja. Orodha ingali mlangoni mwa ofisi, na biki imefungwa kwa kamba pembeni yake. Chumba cha watoto kinajua siku ya posho ni siku gani.

Kwa niaba ya viongozi wa wanafunzi,
Kapita wa wanafunzi, darasa la 6